Maisha ya Dakta Edward Steere, Mwanafunzi wa Sauti za Kiswahili

Watoto wa mitaa yetu, tangu Kinondoni, Magomeni na Mwananyamala mpaka Temeke, Mtoni na Mbagala, huanza kujifunza a, e, i, o, u wakiwa wadogo sana. Mtoto akiisha kuzishika herufi zake vizuri, aweza kusoma neno lolote la Kiswahili, hata lile asilolijua maana. Jambo hili twaliona la kawaida, lakini si lugha zote zenye raha hii. Mtoto wa Kiingereza akitaka kuandika neno la kwao la kisu, hana budi kuanza na k ambayo haisomwi kabisa. Yetu husomwa, na kila herufi nyingine katika neno hilo husomwa vilevile.

Raha hii haikuja yenyewe. Wako watu waliokaa miaka mingi wakisikiliza sauti za Kiswahili moja moja, kisha wakazitafutia herufi. Miongoni mwao ni Dakta Edward Steere, Mwingereza aliyeishi Unguja na kufa huko katika mwaka wa 1882. Muhula huu tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu maisha yake, na zaidi namna mtu mzima mwenye elimu nyingi alivyokubali kuanza tena kama mtoto wa darasa la kwanza.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Edward Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma katika Chuo cha University College mjini humo, akapata shahada yake ya kwanza katika mwaka wa 1847. Aliendelea na masomo ya sheria, na katika mwaka wa 1850, akiwa na miaka 22 tu, alipata udaktari wa sheria na kupewa ruhusa ya kusimama mahakamani kama wakili. Tena alijifunza kazi ya kupiga chapa, yaani kupanga herufi za risasi na kuendesha mtambo. Wengi waliona si kazi ya msomi, lakini baadaye ilimfaa sana.

Sheria hakuikalia. Katika mwaka wa 1856 aliingia katika kazi ya kanisa, akafanywa kasisi miaka miwili baadaye. Alihudumu katika vijiji vya mkoa wa Lincolnshire, na huko alipata rafiki aliyeitwa William Tozer. Katika mwaka wa 1863 Tozer alifanywa askofu wa misheni ya U.M.C.A., iliyoanzishwa baada ya wito alioutoa Dakta Livingstone huko Cambridge katika mwaka wa 1857. Steere alikubali kumsindikiza rafiki yake. Mkewe hakuweza kufuatana naye.

Mahali pa kwanza walipokwenda palikuwa karibu na mto Shire, bara ya Msumbiji. Homa na njaa zilikuwa zimekwisha kuwaua wamisionari waliowatangulia, na wao nao hawakufanikiwa. Basi Askofu Tozer akaona afadhali kuanza upya mahali penye bandari na watu wa makabila mengi. Mwisho wa mwezi wa Agosti 1864 wakashuka Unguja.

WATOTO WATANO WA JAHAZINI

Siku zile Unguja ilitawaliwa na Seyyid Majid, na soko la watumwa lilikuwa wazi. Watu walitekwa bara, wakatembezwa mpaka pwani, wakavushwa kwa majahazi. Muda mfupi baada ya wageni hawa kufika, Seyyid Majid alimpa Askofu Tozer wavulana watano waliokamatwa ndani ya jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza wa misheni ile. Mmoja wao aliitwa John Swedi, ambaye katika mwaka wa 1879 alifanywa shemasi.

Fikirini hali yao. Watoto hawa walitoka makwao bara, wamenyang'anywa wazazi na lugha zao za nyumbani. Kiswahili hawakukijua, au walikijua kidogo kwa kukisikia njiani. Na mwalimu wao, Dakta Steere, naye hakukijua. Mwalimu na wanafunzi walikuwa wanaanza pamoja. Tofauti ni kwamba mwalimu aliweza kurudi kwao Uingereza akishindwa. Watoto hawakuwa na pa kurudi. Kama hawangepata lugha moja ya kusemezana, wala maandishi ya kuisomea, wangebaki mjini bila ndugu na bila kazi. Kwa sababu hiyo kazi ya kupanga herufi haikuwa mchezo wa wasomi. Watoto wale walikuwa wanaingojea.

KISWAHILI KILIVYOANDIKWA KABLA YAKE

Mtu asidhani kwamba Waswahili walikuwa hawajui kuandika. Karne nyingi kabla ya Steere, wanavyuoni wa Pate, Lamu, Mombasa na Unguja waliandika tenzi, barua na hesabu zao kwa herufi za Kiarabu. Utendi maarufu wa Mwana Kupona ulitungwa katika mwaka wa 1858, miaka sita tu kabla Steere hajafika.

Lakini herufi za Kiarabu zilitengenezwa kwa sauti za Kiarabu. Kiarabu hakina p, wala v, wala ch, wala ng'. Basi mwandishi alilazimika kuazima. Herufi ya f ilitumika kwa f na kwa v, na msomaji akawa hajui kama mtu anafua nguo au anavua nguo. Herufi ya b ilitumika kwa b, kwa p na kwa mb. Alama ya i ilitumika pia kwa e, na alama ya u kwa o, hata mwezi na mwizi wakafanana, na mto na mtu nao vivyo hivyo. Mwenyeji hakupata taabu sana, maana aliyajua maneno kabla ya kuyasoma, na shairi lilimwongoza kwa mizani na vina vyake. Lakini mtoto wa Kiyao au wa Kinyasa aliyeanza jana, angejuaje? Baadaye wanavyuoni wa Mombasa na Lamu waliongeza nukta na alama ili kuondoa shida hii, nao wanastahili sifa. Kwa siku zile lakini, Steere aliona njia iliyo fupi kwa wanafunzi wake ni herufi za Kirumi.

Katika njia hiyo hakuwa wa kwanza. Mjerumani Ludwig Krapf alikuwa amefika Mombasa katika mwaka wa 1844. Miezi michache tu baada ya kufika, mkewe na mtoto wao mchanga walikufa, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Hata hivyo aliendelea kuandika maneno, na katika mwaka wa 1850 alitoa kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kiswahili. Kitabu hicho ndicho Steere alichokishika mkononi alipofika Unguja.

Akakuta taabu mbili. Kwanza, Krapf aliandika Kimvita, lugha ya Mombasa, ambako watu husema mato kwa macho, na ndia kwa njia. Pili, Krapf alisikia kwa sikio la kwao na kuandika kwa mkono wa kwao. Wanyika aliwaandika Wanika, maana katika lugha yake hakuna desturi ya kuandika ny. Wenzake walipochora ramani ya bara, Unyamwezi ukaandikwa Uniamesi. Mtu aliyejifunza kwa herufi hizo, akienda sokoni Unguja kuomba kitu, watu wangemshangaa.

KUSIKILIZA KABLA YA KUANDIKA

Hapo Steere akafanya jambo la busara. Badala ya kukaa na kitabu, aliwaendea wenye lugha. Aliwauliza watu wa mjini, wakubwa kwa wadogo, akaandika maneno waliyoyasema kama walivyoyasema, kisha akawasomea ili wamsahihishe. Aliwaomba wamhadithie hadithi zao, naye akazifuata kwa kalamu. Hivyo akapata Kiunguja kama kilivyotoka kinywani.

Sauti nyingine zilikuwa rahisi kwake, nyingine ngumu. Tuangalie chache, maana ndizo zinazomsumbua kila mgeni hata leo.

Kwanza ni irabu. Kiingereza kina herufi tano za irabu lakini sauti nyingi sana, na herufi moja hubadilika kila mara. Steere alitambua kwamba irabu za Kiswahili ni tano tu na hazibadiliki. Akaweka kanuni iliyo fupi: irabu zisomwe kama zisomwavyo na Waitaliani, na konsonanti kama zisomwavyo na Waingereza. Hii ndiyo asili ya ch, sh, j na y tulizo nazo. Kwa Mjerumani j husomwa kama y yetu.

Pili ni m na n zinazosimama peke yake. Mzungu akiona mtu au mkate hutaka kuingiza u katikati na kusema mutu na mukate. Wako na Waafrika wa bara wasemao hivyo kwa kuwa lugha zao zina u hapo. Katika Kiunguja m ya mtu ni silabi kamili, na neno lina silabi mbili.

Tatu ni mkazo. Karibu kila neno la Kiswahili hukazwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, lakini yako machache yasiyofuata sheria. Barabara tunayopitia kwenda Mbagala hukazwa karibu na mwisho, lakini mtu akisema kazi imefanywa barabara, mkazo hurudi nyuma kwenye silabi ya pili. Maandishi ni yaleyale, na sikio ndilo litakaloamua.

Nne ni pumzi. Wazee wa pwani hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini. Yule mnyama hutamkwa kwa p yenye kutoa pumzi. Katika hadithi moja aliyoiandika Steere, mwalimu aliyeitwa Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu, na paa akapanda juu akaangusha tunda, likamwua mwalimu. Mgeni asiyejua tofauti ya pumzi angeweza kudhani mwalimu ameuawa na paa la nyumba.

VITABU VYAKE NA MTAMBO WA CHAPA

Ule ujuzi wa ujana sasa ukapata kazi. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na Steere akawafundisha vijana wake kupanga herufi za risasi. Kazi hii ni mwalimu mkali wa tahajia. Mpangaji huokota kila herufi kwa vidole vyake na kuipanga kinyumenyume. Hawezi kuruka herufi bila kuonekana katika karatasi. Basi vijana wale waliotolewa jahazini wakawa miongoni mwa watu wa kwanza kupiga chapa Kiswahili katika nchi za pwani.

Katika mwaka wa 1868 Steere alirudi Uingereza. Hakukaa bure. Mwaka wa 1870 vilitoka London vitabu vyake viwili vilivyompa sifa. Kimoja ni kitabu cha kufundishia Kiswahili kama kisemwavyo Unguja, chenye sarufi na orodha za maneno. Cha pili ni mkusanyo wa hadithi za watu wa Unguja, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Humo zimo hadithi ya Sultani Darai, ya punda wa dobi, na ile ya Mwalimu Goso. Nyingi ya hadithi hizi zimesimuliwa shuleni vizazi baada ya vizazi. Aliandika pia juu ya Kisambaa, Kinyamwezi, Kiyao na Kimakonde, na katika mwaka wa 1878 alitoa kitabu cha mazoezi kwa wanaoanza Kiswahili.

SIKIO LA KIINGEREZA LILIPOMDANGANYA

Wasomaji wasije wakafikiri kwamba Steere hakukosea. Kama vile Krapf alivyodanganywa na Kijerumani, Steere naye alidanganywa na Kiingereza chake. Katika Kiingereza herufi th huandikiwa sauti mbili: ile ya thelathini na ile ya dhahabu. Mwingereza huzitamka zote mbili kila siku, lakini kwa kuwa huziandika namna moja, haoni haja ya kuzitenga. Steere basi aliandika thahabu na thambi, kwa th ileile ya thelathini. Mwenyeji alijua la kufanya. Mwanafunzi mgeni hakujua. Waliomfuata ndio waliosahihisha wakaweka dh mahali pake.

Hapa yafaa tuvuke bahari kidogo, twende mpaka Aislandi, kisiwa cha kaskazini ya mbali, tuone wengine walivyoifanya kazi hiyohiyo. Watu wa kisiwa hicho nao walipokea herufi za Kirumi kutoka nje, nao wakaona hazitoshi. Katika karne ya 12 msomi mmoja wao, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kitabu kidogo kueleza jinsi ya kuzirekebisha. Njia yake ilikuwa kuweka maneno mawili yanayofanana isipokuwa sauti moja, ili wote waone kwamba sauti hiyo yahitaji herufi yake. Ndivyo nasi tulivyofanya hapo juu kwa mto na mtu.

Hata leo alfabeti ya Kiaislandi ina herufi 32, na mbili kati yake zitamfurahisha mwanafunzi wa pwani. Ya kwanza ni þ, inayofanana na p yenye mti uliozidi kwenda juu. Mgeni huisoma p, lakini sauti yake ni th ya thelathini. Ya pili ni ð, kama d iliyopinda na kukatwa kistari, na sauti yake ni dh ya dhahabu. Hii ya pili haianzi neno kamwe. Tena j yao husomwa kama y yetu, na mkazo wao huwa katika silabi ya kwanza ya neno, wakati wetu ni ya pili kutoka mwisho. Basi mwanafunzi wa Temeke atamkaye thelathini na dhahabu sawasawa, akianza Kiaislandi, amekwisha kuwa na sauti mbili ambazo wageni wengi huzitafuta kwa taabu. Kilichombakia kwazo ni kujifunza umbo la herufi.

Waingereza wa kale nao walikuwa na herufi hizo mbili, wakaziacha. Laiti wasingaliziacha, huenda Steere angaliitenga dh tangu mwanzo. Na huko Aislandi kwenyewe ð ilikuwa imeachwa, mpaka mwanachuoni wa Denmark, Rasmus Rask, aliyezaliwa mwaka wa 1787, alipoirudisha katika maandishi. Rask alianza kujifunza lugha hiyo kwa kitabu angali mwanafunzi wa shule, kisha tangu 1813 mpaka 1815 akaenda kukaa kisiwani ili aisikie kwa wenyewe. Hakuridhika na kitabu peke yake, kama Steere naye asivyoridhika na kitabu cha Krapf.

ASKOFU STEERE

Steere alirudi Unguja katika mwaka wa 1872, akakuta kimbunga cha mwezi wa Aprili kimeharibu sehemu kubwa ya mji na mashamba. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Misheni ikapata uwanja wa soko lile, Mkunazini, na siku ya Krismasi mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Steere mwenyewe alisimamia ujenzi. Mnara wake unaonekana hata leo.

Askofu Tozer alijiuzulu kwa ugonjwa, na katika mwezi wa Agosti 1874 Steere akafanywa askofu. Mwaka wa 1875 alikwenda kwa miguu mpaka mji wa Mataka, mfalme wa Wayao. Mwaka wa 1876 aliwaongoza watumwa waliopewa uhuru kurudi bara, wakajenga kijiji Masasi. Katika safari zote hizi hakuacha kazi ya lugha. Alitafsiri Agano Jipya na sehemu nyingine za Biblia, na baada ya kufa kwake wenzake waliendelea, hata Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka mwaka wa 1891.

Alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa katika kanisa alilolijenga. Mwaka huohuo ndio kamusi kubwa ya Krapf ilipotolewa London, naye Krapf alikuwa amekufa mwaka uliotangulia.

KAZI YAKE BAADA YAKE

Kitabu cha Steere kilisahihishwa na A. C. Madan, ambaye baadaye alitunga kamusi zake mbili, ya mwaka wa 1894 na ya mwaka wa 1903. Katika mwaka wa 1925 mkutano wa elimu ulifanywa hapa Dar es Salaam na kutaka Kiswahili cha shule kiwe kimoja. Mwaka wa 1928 wajumbe walikutana Mombasa, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wake. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, nayo ikaweka tahajia moja kwa Tanganyika, Unguja, Kenya na Uganda. Tahajia hiyo, kwa sehemu kubwa, ndiyo tuandikayo leo.

Tuseme kweli yote. Uamuzi huo ulileta faida, lakini uliacha vitu nje. Ile pumzi ya paa wa porini haikupewa alama. T mbili za Kimvita, moja ya menoni na moja ya ufizi, zikawekwa katika herufi moja. Watu wa Mombasa na Lamu walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na haki. Kila anayechagua herufi huamua pia ni sauti ya nani itakayoandikwa.

Shule ya misheni iliyokuwa Kiungani, Unguja, ambayo chanzo chake ni wale watoto watano wa jahazini, ilihamishiwa bara katika miaka ya 1920, ikawekwa Minaki, karibu na Kisarawe. Wasomaji wa Temeke wanaijua njia ya kwenda huko, maana si mbali na Pugu. Minaki sasa ni shule ya serikali, nayo imefundisha vijana wa dini zote na wa kila pembe ya nchi.

YATUPASAYO SISI

Sisi wa mitaa hii tumetoka kila mkoa. Nyumbani wengine husema Kisukuma, wengine Kichaga, Kihaya, Kizaramo, Kimakonde au Kingoni. Kila lugha ya nyumbani ni johari, lakini kila moja hulivuta sikio upande wake, kama Kijerumani kilivyomvuta Krapf na Kiingereza kilivyomvuta Steere. Hivyo mwenzetu asemaye mahari badala ya mahali si wa kuchekwa. Tusaidiane naye, maana hajaisikia tofauti, na akiisha kuisikia ataitamka.

Walimu waweza kuwapa wanafunzi zoezi hili wakiwa wawili wawili, mmoja akisema na mwingine akiandika alilolisikia: mahali na mahari, kula na kura, zana na dhana, sawabu na thawabu, shoka na choka, fua na vua. Anayeandika akikosea, wote wawili watazame kosa limetoka wapi, kinywani au sikioni. Tena tusiiache ile alama ya ng'ombe tunapoandika ujumbe katika simu. Bila alama hiyo tunawarudisha wasomaji wetu kwenye shida ya watu wa kale, ya kukisia neno kabla ya kulisoma.

Dakta Steere alikuwa na udaktari wa sheria, lakini alipofika Unguja aliwaomba watu wa mjini wamfundishe kusema. Hao ndio waliokuwa walimu wake, na bila wao vitabu vyake visingaliandikwa. Atakayejifunza lugha ngeni, iwe Kiaislandi, Kichina, au Kiswahili chenyewe kwa mgeni aliyefika jana mtaani kwetu, na aanze kwa kusikiliza.